Kila Asubuhi Mferejini

Jumatatu, 5 Mei

Nimetembea hadi lango la tatu na kurudi. Presha inataka miguu, daktari alisema. Mfereji bado mkavu, madimbwi tu. Ulichimbwa zamani kwa shamba la mpunga. Shamba likafa, Bunju ikajaa nyumba, mfereji ukabaki nyuma yetu na malango yake ya chuma. La kwanza lingali na usukani wake. La pili limekwama, limeshuka na halipandi. La tatu ni fremu tupu, bati wameshalibeba wauza chuma chakavu. Nimeona kenge mmoja, mnene kuliko mimi. Hakuna kelele kule. Napapenda.

Salma yuko Unguja, harusi ya mpwa wake. Kaniachia mama yake. Mtu na mama mkwe nyumba moja, hakuna wa katikati. Shikamoo, marahaba, chai, kimya. Nachoka.

Jumatano, 7 Mei

Mvua usiku kucha. Nilipotoka Mama aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia mferejini, kama kila siku. Akanitazama mikono. Akauliza kama huko kuna wanawake. Nikasema wapo, hasa asubuhi. Nilimaanisha wale wachuma mchicha. Akasema haya. Niliporudi chai ilikuwa imepoa na yeye yuko chumbani, mlango kaufunga. Sijui nimekosa nini.

Alhamisi, 8 Mei

Maji yamejaa nyuma ya lango la pili. Meusi, kimya, yanamzidi mtu kimo. Nilifikiri kumwonya Mama, nikaacha. Mtu wa miguu mibovu ataenda kutafuta nini kule?

Ijumaa, 9 Mei



Asubuhi nilikwenda sokoni badala ya mferejini, tope lilikuwa jingi. Sikuaga. Niliporudi nyumba tupu. Baibui la Mama halipo msumarini. Nikamuuliza Mama Neema, jirani. Akasema, "Bibi si katoka kitambo? Kasema anakufuata mferejini."

Nilikimbia. Mimi, na presha yangu. Lango la kwanza hapana mtu. Nikaita, "Mama! Mama!" Wachuma mchicha hawakuwepo, mvua imewafukuza. Njia inateleza, nimeanguka mara sijui ngapi. Lango la pili nikaona kitu cheusi majini, kimenasa kwenye chuma. Cheusi, kipana, kinapepea chini ya maji. Baibui.

Nilitupa simu nyasini, nikaingia na viatu. Pale ukingoni tu maji yakafika kifuani. Nilikuwa nasoma dua na kuchanganya maneno. Nikavuta. Turubai bovu la watu wa mchicha. Nikaketi ukingoni nikiwa nimelikumbatia kama mpumbavu. Simu ikaita, Salma. Sikupokea. Ningemwambia nini? Kwamba aliniachia mama mmoja tu na nimeshindwa kumlinda?

Nikafika hadi lango la tatu. Hakuna kitu. Nikageuka kwenda kuita watu.

Nikapita njia ya bomba la mtaa. Pale penye foleni ya ndoo, juu ya ndoo iliyofudikizwa, kakaa mama mkwe wangu. Mkavu. Anakula kashata.

"Mbona umeroa?" akaniuliza. "Na huo mfereji wendao kila siku ni upi? Miye niko hapa tangu asubuhi, sikukuona."

Msichana anayeuza maji akaangua kicheko. "Babu, bibi alikuja kumsaka mchepuko wako! Kila dada anayechota hapa kashahojiwa."

Ndipo nilipoelewa. Kwao Unguja mfereji ni bomba. Salma kakaa huku miaka mingi, anasema bomba kama sisi, nami mtu wa Tabora ningejulia wapi? Wiki nzima Mama anamwona mkwe wake anakwenda bombani bila ndoo, anarudi mikono mitupu, na kakiri kwa mdomo wake kwamba wanawake wapo.

Nililia. Mbele ya foleni nzima, maji yananichuruzika. Mama akaacha kula, akanifuta uso kwa ncha ya mtandio. Hajawahi kunigusa tangu nimuoe bintiye. Tukarudi nyumbani polepole, kanishika mkono.

Jumapili, 11 Mei

Salma karudi jana. Akauliza habari za hapa. Mama akawahi kujibu, "Nzuri, hamna kitu." Nami nikasema hamna kitu. Nimelala usingizi mzito.

Leo alfajiri nilimkuta Mama mlangoni, kavaa raba za Salma. Tukaenda mferejini, huu wangu. Anatembea taratibu, anasimama kila baada ya hatua chache. Tulifika lango la kwanza tu. Akaushika usukani, akajaribu kuuzungusha, haukuzunguka. Tukakaa juu ya saruji. Maji yameanza kushuka.

Mama akasema, "Marehemu mume wangu naye alikuwa akitoka hivi hivi, kila asubuhi. Sikumfuata hata siku moja."

Tulikaa mpaka jua likawa kali, kisha tukarudi kunywa chai.