Mikono ya Mama Haijasahau

Miyuji, 14 Agosti 2024

Mdogo wangu Gerson,

Sisi wazima. Tumeanza kupogoa zabibu. Mama jina langu limempotea, ananiita "wewe binti", lakini nikimpa mkasi anapogoa vizuri kuliko mimi. Daktari anasema ubongo huhifadhi kazi za mikono mahali pake, na habari mahali pengine.

Tangu tumzike Baba, kila asubuhi anauliza, "Mzee yuko wapi?" Nikimwambia, analia kama ndiyo kwanza anasikia. Jana nilijibu, "Yuko shambani."

Akacheka. "Huyo na zabibu zake!"

Akamwekea ugali, akaufunika. Jioni niliula mimi.

Ukija, usimwambie. Na jina langu, nakuomba, likumbuke wewe.

Dada yako,
Emiliana