Sadaka Isiyolingana na Feni Yetu

Mshauri wetu mpendwa wa redio,

Nimeshika kalamu kukuomba unisaidie katika jambo ambalo wengine wataliona ni la fundi tu, lakini kwangu limekuwa la dhamiri, na nimelibeba wiki mbili bila kumwambia hata padri wetu. Mimi ni katekista hapa Beni, upande wa Mulekera, nina miaka sitini na minne, na tangu dereva wetu Xavier alipofariki ndimi ninayeendesha gari-nyumba la parokia, lile gari la zamani ambalo wageni wa misheni waliliacha, lenye vitanda viwili, jiko dogo na meza ya kukunja, ambalo sisi tumeligeuza kuwa gari la wagonjwa wa macho: muuguzi wetu Falonne huwapima wazee kwenye meza ile, na wale wenye mtoto wa jicho tunawapeleka Butembo kufanyiwa upasuaji.

Mwezi uliopita injini ilianza kuchemka kila tukipanda mlima, na Ésaïe, fundi wetu, alizima gari, akaisukuma feni kwa kidole, ikazunguka mara nne tano kama kitu kisichoshikwa na chochote, akaniambia kwamba embrayage ya ventilateur imekufa, yaani kile kiungo cha mviringo kilicho katikati ya feni, ambacho injini ikipata joto hukaza ili feni ivute upepo kwa nguvu, na injini ikipoa hulegeza. Habari hiyo ilimfikia Mama Abigaïl, mjane wa Xavier, naye alipokwenda Kasindi kwa biashara yake ya vitenge akatununulia embrayage mpya, kwa kumkumbuka mumewe aliyeliendesha gari hili miaka kumi na tisa.

Hapo ndipo kosa letu lilipoanza, maana ilikuwa ndani ya kasha, imefungwa nailoni, na Ésaïe alitaka kuifungua ailinganishe na ile ya zamani, lakini mimi nilimkataza, nikasema sadaka hailetwi mbele ya altare ikiwa imeguswa kwa mikono yenye grisi, basi Jumapili ile ikaandamana na ndizi, maharagwe na kuku, mama mwenyewe akiibeba kichwani huku waamini wakipiga vigelegele, na padri akaibariki ikiwa bado ndani ya nailoni yake.

Jumatatu tulipoifungua tukaona kwamba tundu lake la katikati ni pana kuliko mhimili wetu, na umbo lenyewe ni la gari dogo. Ésaïe akaniangalia, akasema, "Mwalimu, hii kitu ni mupya na iko na mubaraka, mais haiko ya hii gari." Nikamwambia aiingize hivyo hivyo, naye akakata bati, akalikunja kuwa pete ya kujaza ile nafasi, akaifunga. Siku ya Alhamisi tukapeleka wazee wanne Butembo kuonwa na daktari, na kwenye mlima sindano ya joto ikapanda mpaka kwenye alama nyekundu, mvuke ukaanza kutoka, nikasimama mahali ambapo, kwa hofu ya wenye silaha, wewe unajua si pazuri kusimama. Mama Tamar, ambaye macho yake yote mawili yamefunga, akauliza kutoka nyuma, "Mwalimu, mimi hapana ona, lakini pua yangu iko muzima. Unapika nini kule mbele?" Wote wakacheka. Nikawaambia ni maji tu yamepungua, nikajaza maji, tukangoja saa nzima, tukafika.

Jumapili iliyofuata Mama Abigaïl akanisimamisha mlangoni pa kanisa mbele ya watu, akaniuliza, "Sasa gari ya Xavier inapumua muzuri?" Nikajibu, "Inapumua, mama." Akafunga macho, akasema, "Mungu asifiwe," na tangu siku ile nikipita karibu na nyumba yake ninapita haraka.

Sasa Alhamisi ijayo ninapaswa kuwapeleka wazee saba kwa upasuaji, na daktari mgeni wa upasuaji atakaa Butembo siku mbili tu. Ésaïe amenipa njia mbili: kutoboa hii iliyobarikiwa na kuikaza kwa boulon mbili, yaani bolti, ili feni izunguke daima, au kuweka nyingine ambayo ameipata Bungulu, iliyotumika, iliyotolewa kwenye lori bovu lenye injini kama yetu. Mshauri, je, naweza kukitoa kitu kilichobarikiwa altareni na mahali pake nikaweka chuma kilichookotwa kwenye lori lililokufa? Na mama yule nitamwambia nini?

Zacharie, Beni

*

Mwalimu Zacharie,

Nakusalimu kwa amani. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma polepole, kwa sababu wewe ni mtu wa sala na sikutaka kukujibu kwa haraka. Lakini nisikufiche: swali uliloliweka mwisho ndilo lililopaswa kuwa la kwanza.

Tuanze na baraka, kwa kuwa ndiyo inayokufunga. Umefundisha katekesimu miaka mingapi? Padri hakusoma sala ili chuma kibadilike kipimo. Aliombea mkono uliotoa, na kazi ambayo kitu kile kilitolewa kwa ajili yake. Kazi hiyo ni kuwafikisha wagonjwa salama. Embrayage isiyoweza kazi hiyo huidharau unapoiondoa. Unaidharau unapoipachika kwa pete ya bati na kuiacha iwachemshie wazee maji mlimani. Ésaïe alitaka kuifungua kabla, na alikuwa sahihi. Grisi ya mikono yake isingemchukiza Mungu. Mwombe msamaha, maana ulimnyima kufanya kazi yake vizuri, kisha ukamtaka arekebishe kosa ambalo si lake.

Njia ya boulon ikatae. Dereva aliyekwama anaweza kuitumia kufika nyumbani. Hakuna mtu anayepaswa kuondoka nyumbani akiwa nayo. Feni isiyopumzika inakula mafuta, inachosha pompe ya maji, na ikiwa imekaa juu ya pete ya bati inayocheza, siku moja itaingia ndani ya radiateur, lile sanduku la kupozea maji. Hapo hutakuwa na gari wala sadaka.

Ile ya Bungulu usiikatae kwa sababu ni kuukuu, wala usiikubali kwa sababu ina bei nafuu au kwa sababu Alhamisi imekaribia. Iweke mezani pamoja na ile yenu ya kwanza iliyokufa. Tundu la katikati na nafasi za boulon zilingane bila kujazwa kitu. Kimo kiwe kimoja, la sivyo feni itasogelea radiateur au itakaa mbali nayo mno. Angalia kama kuna mafuta meusi yaliyotapakaa kutoka katikati kwenda pembeni. Yakiwapo, yale mafuta mazito ya ndani yamevuja, nayo ndiyo yanayoipa nguvu, basi iache hukohuko. Ishike kingo mbili uitikise: isicheze. Ikishafungwa, injini ikiwa imezimwa na bado ina joto, sukuma feni kwa kidole. Inapaswa kukushindania kidogo na kusimama upesi. Ikizunguka mara nne tano, umerudi pale ulipoanza.

Kisha pandeni mlima wewe na Ésaïe peke yenu, gari likiwa na mzigo wa mifuko ya mchanga uzito wa watu saba. Sindano ikikaribia juu, mnapaswa kusikia feni ikivuma kwa nguvu, na baada ya dakika chache sindano ishuke na mvumo upungue. Msiposikia hivyo, Alhamisi gari-nyumba halitoki. Mwombe padri atafute gari jingine, hata la mfanyabiashara anayeshuka Butembo na nafasi nyuma. Na likikosekana, mwandikieni daktari awapangie siku nyingine. Kukaa gizani mwezi mmoja zaidi ni kuzito, ninajua, lakini wazee hao wamezoea kungoja. Hawajazoea kukaa kando ya barabara ile.

Nao pia uwaambie. Uliwaambia ni maji tu. Waliokaa nyuma yako hawaioni sindano ya joto. Wewe unaitazama kwa niaba yao, kwa hiyo ukiwadanganya juu yake umewanyang'anya hata kile kidogo walichobakiwa nacho. Kabla hawajapanda, waeleze kilichotokea mlimani na kilichobadilishwa, kisha kila mmoja aamue mwenyewe.

Sasa Mama Abigaïl. Ninaelewa kwamba ulijibu vile kwa huruma, mlangoni, mbele ya watu, na mjane akikutazama. Siku ya kwanza ilikuwa huruma. Wiki mbili baadaye ni kujikinga, nawe unajua, maana unapita haraka. Mke wa dereva aliyeliendesha gari lile miaka kumi na tisa amesikia habari nyingi za injini mezani kwake kuliko sisi sote. Usimfanye kuwa mtu asiyeweza kuambiwa kwamba kipande hakikuingia. Mwambie hivi: mama, moyo wako tuliupokea, kosa ni langu, nilikataza kipande kisifunguliwe, hakikuingia, na nikakudanganya. Usimtaje Ésaïe. Usiseme habari za Kasindi wala za aliyemwuzia. Umrudishie embrayage ile, padri akijua, na umpe vipimo vya yenu ya kwanza vilivyoandikwa na fundi. Akipenda ataibadilisha, akipenda ataitoa kwa mwenye gari dogo. Hilo ni lake kuamua, na usimshauri asipokuuliza.

Jibu hili nimelituma mapema kwa mkono wa mtu anayekuja Beni leo Jumatatu. Uliandika kwa redio, na redio itaisoma barua yako na jibu hili Jumatano asubuhi kama inavyosoma barua zote. Mama huyo asiyasikie kwangu kabla hujamwambia. Nenda leo, kabla ya rozari ya jioni, kwa miguu, na ukifika usikubali kiti kabla hujasema ulichokwenda kusema.