Saa ya Maziko Iliyoliwa na Televizio

Yaya Kasongo, ndugu yangu mukubwa,

Weye uliyenifundisha kushika brashi ya kuandika vibao vya maduka, usishtuke: miye sasa niko muntu wa televizio. Tangu maduka yaporwe, hakuna anayeandikisha kibao. Basi Mama Klara wa ile televizio ndogo ya mtaani akanikalisha mbele ya ordinatere, hiyo kompyuta, nijifunze kutembeza herufi kwenye kioo. Unaionyesha herufi pa kuanzia, unaionyesha pa kufikia, katikati inatembea yenyewe. Masomo yangu yalikomea darasa la nne, lakini herufi hazikuuliza.

Kazi yangu ya kwanza ya kweli ilikuwa weye: tangazo la kifo chako.

Maziko yalikuwa kesho yake, saa nane ya muchana. Mado, mutoto wako, anafundisha shule kule mbali Mulungwishi, na simu zilikufa kabla yako; televizio yetu tu ndiyo inafika huko. Mke wako akanishika mkono: "Papa Ilunga, mutoto asimukute baba yake udongoni."

Mara ya kwanza picha yako iliingia kichwa chini. Mama Klara akauliza, "Papa, huyu amekufa ao ameanguka toka mutini?" Mara ya pili jina lako likapita mbio kama muntu aliyemuona mama mkwe. Mara ya tatu likatembea polepole, kwa heshima, jambo ambalo weye mwenyewe hukuwahi kufanya. Saa ya maziko nikaiandika chini kabisa, nikajaza mpaka ukingoni, kama kwenye kibao, maana nafasi ya ubao haitupwi. Unakumbuka ulivyokuwa unapiga kelele? "Acha nafasi pembeni, Ilunga, herufi nazo ziko na mapafu."

Jioni tukatazama hapa kilioni. Jina, picha, siku, makaburi. Saa, hapana. Kumbe televizio za nyumbani zinakula pembeni mwa picha, yaya. Kwenye ordinatere niliiona nzima. Nikatoka mbio kwenda kutengeneza. Sijafika, umeme wa bwawa la Mwadingusha ukaenda zake, haukurudi.

Sasa, kwa kuogopa kuchelewa, mtaa mzima ulikuwa kilioni tangu alfajiri. Bukari, ugali wa kilio, iliisha saa nne asubuhi. Wajomba zetu walinitukana kwa lugha tatu.

Mado naye aliona siku bila saa, akapanda baiskeli kungali giza. Mpira ulipasuka mara tatu, mwisho akaisukuma. Aliingia saa nane kasoro kidogo, vumbi mpaka kwenye nyusi, sanduku lako lingali wazi. Akakushika uso. Halafu akaniambia, "Papa Ilunga, kama ningejua ni saa nane, ningetoka saa nne, ningemukuta udongoni."

Nikamupangusa vumbi bila kutania. Siku ile tu, usizoee.

Mama Klara amenichorea mstari ndani ya kioo cha ordinatere, herufi zisiuvuke. Ni nafasi ile ile uliyonigombeza kwa ajili yake tangu ujana. Nakuahidi: vidole vitatu kila upande, mpaka mkono ukatae.

Lala vizuri, yaya. Ila huko usijitandaze mpaka ukingoni. Niachie nafasi pembeni. Sina haraka nayo.

Ilunga wako