Beji ya Binti wa Eksirei

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za karakana, na mgongo unaendeleaje? Mimi nina habari mbili. Ya kwanza, utaitwa babu. Mimba ina miezi mitatu. Ya pili inaninyima raha. Beji tunayovaa hapa eksirei hospitalini, ile inayopima mionzi inayotufikia, imesomwa na kipimo cha Februari kimekuwa kikubwa mno. Nimeondolewa kwenye mashine hadi wachunguze. Naogopa, Baba.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unalalamika kama kawaida yake. Nilifurahi, kisha nikasoma habari ya pili. Redio na simu nimevitoa nje, maana nasikia navyo vina mionzi. Mama yako ananiuliza kama nimerukwa na akili. Acha kazi hiyo. Mimi niliinua kinyago mara moja tu nikichomelea geti, macho yakawaka siku mbili. Na mionzi yako inapita hadi mfupani.

Baba yako

13 Machi

Baba,

Shikamoo. Rudisha redio ndani, Mama asikilize taarifa ya habari. Redio, joto la jiko, mwanga wa taa, miale ya kuchomelea na eksirei ni ukoo mmoja. Tofauti ni urefu wa wimbi. Mawimbi ya redio ni marefu na dhaifu. Kadiri wimbi linavyofupika, nguvu inapanda. Yaliyokuunguza macho ni mafupi kidogo kuliko ya mwanga tunaouona, na huishia kwenye ngozi na macho. Ya eksirei ni mafupi zaidi, hupenya nyama, ndiyo maana tunasimama nyuma ya ukuta wenye risasi, ile metali nzito inayoyazuia. Naeleza kama mwalimu, lakini mkono wangu hautoki tumboni.

Mwanao

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Tumepona. Mkuu wangu alinihoji siku kwa siku mpaka tukafika ile niliyoshikwa na kichefuchefu. Nilitundika koti la risasi ndani ya chumba cha mashine nikaenda nyumbani, nikalala huko siku tatu. Beji ilibaki imebanwa kwenye ukosi wa koti, wenzangu wakipiga picha wagonjwa mbele yake. Mionzi imeipiga beji, mimi sikuwepo. Nimekaripiwa, nikaitikia huku nalia kwa furaha.

Mwanao

25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta kazini. Nimezima mashine, nikafunga karakana saa nne asubuhi. Wateja wakauliza kama kuna msiba. Nikawaambia hapana, kuna mtu anakuja.

Babu