Kisu cha Babu Kimepona

Tunduma, Jumapili baada ya misa

Bibi yangu, mchumba wangu wa milimani,

Shikamoo. Usiniitikie kwa unyonge. Itikia marahaba ile ya kufukuzia mbuzi kwenye kabeji, niisikie hadi huku mpakani. Magoti yanasemaje? Kifua je? Ukungu wa Mgeta bado unaingia ndani bila hodi? Nawe Dada Sesilia unayemsomea Bibi barua hii, salamu zako ni hizo hizo, na usome yote kama ilivyo. Nakujua: ukifika penye utani unaruka, ukifika penye machozi unakohoa. Safari hii usiruke wala usikohoe.

Mimi mwili mzima. Nakula, nashiba, na ile suruali uliyosema itanipwaya sasa inanibana. Kazi ni ile ile, gereji ya malori kwa Fundi Ambakisye, na sikudanganyi Bibi, kwa kufunga springi za lori hapa Tunduma hanipati mtu. Hata Ambakisye mwenyewe anajua, ila akilisema itabidi anipe ubosi. Watu wa hapa wanajikunyata wakilia baridi, baridi. Nawaambia, nyie baridi mnaisikia kwa jirani, kwetu ndiko inakozaliwa.

Haya, nazunguka. Barua hii ina jambo moja tu na unalijua. Kisu cha Babu.

Ugonjwa wangu wa visu vya kukunja unaujua, ila huku umezidi. Madereva wanaotoka Kongo na Zambia wananiletea vilivyokufa: kimoja kimeokotwa chini ya kiti, kingine kimeshika kutu hadi hakifunguki, kingine hakina mpini. Navilaza kwenye mafuta ya taa mpaka kutu ilegee, navisugua kwa msasa laini, nagonga pini mpya, natia tone la oili, halafu nasikiliza. Kisu kilichopona ukikifunga kinalia tak, mara moja, kama mlango wa gari la mkubwa. Makali nayajaribu kwenye vinyweleo vya mkono, ndiyo maana mkono wangu wa kushoto sasa umekuwa laini kama wa mtoto mchanga. Vyote nimevifunga kwenye kitambaa ndani ya kopo la biskuti, na siuzi hata kimoja. Siku moja mama mwenye nyumba alivikuta nimevitandaza kitandani, akatoka mbio kumwita mjumbe.

"Njoo uone, mjumbe! Nimepangisha jambazi!"

Mjumbe akaja na fimbo. Akavitazama kimoja baada ya kingine, akakuna kidevu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dogo, hiki changu utakiweza?" Akakitoa mfukoni. Mama mwenye nyumba hajanisemesha mpaka leo.

Sasa hicho cha Babu. Alinipa Krismasi, pale kwenye kizingiti, wewe unachambua maharage. Springi ilikuwa imekatika, bapa linacheza kama jino la mtoto, pembe ya mpini imepasuka. Akasema, "Chukua, fundi wa maneno. Kikipona nitakuachia huyu bibi yako." Nikamjibu, "Basi anza kufungasha nguo zako, mzee, maana kwangu kisu hakifi." Ukamrushia ganda la maharage. Mimi ukaniacha, nikajua nimependwa.

Bibi, visu nimeviona vingi, lakini kile ni cha kazi yake. Ndicho alichobebeshea miti ya pichi na epo kuanzia kwetu hadi ng'ambo ya bonde. Anachanja mche, anachomeka kijiti cha mti mwingine, anafunga, anaondoka zake anapiga mluzi, na mti unakubali. Makali yamenolewa upande mmoja tu. Upande wa pili umelala kama kioo, ili kidonda cha mti kiwe kinyoofu na kishikane. Bapa limeliwa na jiwe la kunolea mpaka limebaki jembamba kama jani la kitunguu. Anayejua visu asiyejua miti atasema limeharibika, na Ambakisye ndivyo alivyosema. Alikikuta juu ya benchi, akakinyanyua, akawasha mashine ya kusagia.

"Ngoja nikisawazishe huku na huku. Kimenolewa na mlevi hiki."

"Bosi, kiweke chini."

"Nakusaidia wewe!"

"Kiweke chini, la sivyo hilo lori litabaki juu ya jeki mpaka mwenyewe aote mvi."

Akakiweka. Bosi wangu huyo, Bibi, na nilimwamuru kama mtoto. Springi nikaichonga kutoka kwenye msumeno wa chuma uliokatika. Ufa wa pembe nikauziba. Pale palipolika kwa dole gumba lake sikupitisha msasa hata kidogo. Nikakifunga, kikalia tak. Nikasema Pasaka nakipeleka mwenyewe, nimfungashie nguo yule mzee.

Simu ya Mama ilinikuta chini ya lori. Akasema, "Deo, Babu yako ametuacha." Nikamuuliza, "Ameenda wapi?" Kweli niliuliza hivyo. Kesho yake mkazika, mvua imekata barabara ya kupandia kwetu, na mimi ningefika watu wameshanawa udongo mikononi.

Tangu siku hiyo sijui nikuiteje. Mchumba nilikuita kwa sababu alikuwepo mwenyewe wa kununa. Utani wa mjukuu na bibi unataka mzee anayekohoa pembeni akisema nyie nawasikia. Pale juu nimekuita hivyo kwa mazoea, na kalamu ilipomaliza neno nikaona hakuna aliyenuna.

Baadaye akanipigia Anselmi. Ndiyo, Anselmi huyo huyo, mjukuu wa marehemu dada yake Babu, niliyekaa naye dawati moja tukafeli pamoja.

"We Deo, kisu kiko wapi?"

"Kisu gani?"

"Cha marehemu. Siku ya kuondoa tanga kinatakiwa. Nakabidhiwa pamoja na jina."

"Jina la nani?"

"Lake. Ukoo umekaa, wameniteua mimi."

"Kwa hiyo wewe utakuwa nani kwangu?"

"Babu yako."

Nilicheka mpaka spana ikanidondokea. Anselmi! Aliyekuwa ananiomba nimchongee penseli! Nikamwambia, "Shika adabu yako, nimekufunga gololi mpaka ukaenda kushtaki." Yeye hakucheka. Akasema, "Sikuomba mimi, Deo." Nikakata simu, nikaenda nyuma ya tela. Ambakisye akaja kunitafuta na matusi yake yote tayari mdomoni, akaniona uso, akarudi nayo.

Usinifundishe mila, Bibi, ninazijua. Mimi ni wa ukoo wako kwa kuwa Mama katoka tumboni mwako. Babu alikuwa wa ukoo wa mama yake, na vyake vinarudi huko kwa mama yake, kwa Anselmi na wenzake. Nimekua na jambo hilo kama nilivyokua na ishara ya msalaba. Tofauti ni kwamba lilikuwa halijawahi kuninyang'anya kitu. Nikawa najiuliza, hao wazee wanajua kilivyokuwa kinalia kilipokuwa kigonjwa? Wanajua kinavyolia sasa? Mzee mwenyewe hakuwahi kukisikia. Ni mimi tu duniani niliyekisikia, na mimi ndiye ambaye si wa ukoo.

Anselmi akipiga sipokei.

Ndipo akapiga Dada Sesilia. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alisema, "Wazee wanasema jina halitolewi bila kisu. Tanga halijaondoka, Deo. Bibi bado analala chini kwenye mkeka. Asubuhi tunamnyanyua watu wawili."

Sikulijua hilo. Tumeongea mara ngapi kwenye simu, na kila mara unaniuliza nimekula nini. Kisu hukukitaja. Magoti hayo, baridi hiyo, sakafu hiyo, na wewe unaniuliza kama nimepata ugali na samaki. Wewe ni mkorofi kuliko mimi, Bibi. Sikujua kwamba ukorofi wangu nimeutoa kwako.

Sesilia akaniambia na la pili. Kwamba ile miche ambayo Babu aliiacha katikati, Anselmi ameibebesha kwa wembe. Kila siku anakwenda peke yake na wembe wake kwenye kitalu, na mingi imekauka, na bado anakwenda. Nilitaka sana awe mjinga.

Kulikuwa na njia ya ujanja, unanijua. Ninacho kisu cha dereva mmoja wa Kongo, mpini wa shaba, kinang'aa kuliko kikombe cha misa. Ningekituma hicho badala ya cha Babu, wazee wangekipokea kwa vigelegele na kusema kweli Deo ni fundi, chuma cha kale kimekuwa kipya. Lakini kile kimenolewa huku na huku. Anselmi angebebesha nacho, mti ungekataa, na watu wa huko kwetu hawawezi kusema kisu kibaya. Wangesema jina limemkataa. Na jina lenyewe ni la Babu. Sikuweza kulifanyia hivyo.

Kwa hiyo cha Babu chenyewe kimo humu kwenye kifurushi, ndani ya soksi mpya ambayo haijavaliwa, usikunje pua. Dereva ninayemwamini atakiacha Mwembesongo kwenye meza ya mboga ya Mama, na Mama atapanda nacho huko juu pamoja na barua. Kabla wazee hawajakishika, kishike wewe. Kifungue, kifunge karibu na sikio. Hiyo sauti ilikuwa ya mume wako na hakuiwahi, basi isikie wewe.

Anselmi mwambieni haya. Akinoe upande mmoja tu, kwa jiwe la Babu lililoko nyuma ya jiko. Utomvu aufute kabla haujakauka. Asikatie muwa, asifungulie soda. Na aache kwenda na wembe, atajikata, hata kuchonga penseli alikuwa hajui. Springi ya zamani iliyokatika nimebaki nayo mimi. Sidhani kama kuna ukoo utakaokaa kikao kuidai.

Wewe, tanga likishaondoka, rudi kitandani. Sesilia, hili lisome taratibu. Bibi, najua utalala ukingoni kwako kama ulivyozoea, umwachie mtu nafasi. Usilale hivyo. Lala katikati.

Msalimie Mama, mwambie najua kifurushi alikiweka chini ya nyanya. Msalimie mjomba, mwambie viatu nilivyoahidi navikumbuka, ni kumbukumbu tu ndiyo ninayo kwa sasa. Msalimie mwalimu wa dini anayeniombea niache majivuno, aendelee kuomba. Jirani yetu mpika pombe mwambie nimemkumbuka kuliko alivyonikumbuka yeye.

Na huyo aliyepewa jina, mpeni salamu zangu. Mwambieni Deo anasema: shikamoo, Babu. Kuiandika nimeweza, ingawa karatasi ya kwanza niliitupa. Kuitamka bado. Asinipigie simu kwanza, mpaka nitakapopiga mimi.

Mjukuu wako,
Deo