Kuku Zinakula, Minyoo Zinashiba

Kalundu, Uvira

Mama Naomi, muke wangu,

Minye bwana yako niko na miaka sabini na minane, na nimewazidi wengi kwa kuishi. Kaka zangu wote niliwazika. Nimepita vita ambazo batoto wetu hawajui hata majina yake, nimepita kipindupindu, nimepita na mafuriko ya hapa Uvira, maji ikiingia mu nyumba na minye niko nimesimama juu ya kitanda naimba wimbo wa kanisa. Ng'ombe niliizalisha kwa mikono hii, hata zile zilizowashinda wengine. Basi muntu wa namna hiyo akikuambia jambo juu ya mifugo, umusikie.

Jambo lenyewe ni hili, na ninalitanguliza mbele ya salamu, unisamehe: ule jogoo na zile koo mbili nilizokutumia na kamyo ya mizigo, usiziachilie kati ya kuku zako. Kama uliisha kuziachilia, uzitoe leo. Uzifungie peke yake.

Sasa uko namna gani? Mugongo umepoa? Na mujukuu wetu Furaha, bado anakula yai lake kila asubuhi tangu atoke hospitali? Nasikia ng'ombe ziko mu nyasi ya juu, ni vizuri. Minye niko. Jicho moja limepona, la pili munganga analitilia dawa, amenikataza safari na vumbi. Ningekuwa na macho yangu nisingeandika, ningepanda mulima mpaka huko kwako. Telefone nilijaribu mpaka kidole kikachoka, na rezo ya huko kwetu unaijua, inashika leo, kesho inapotea. Mwana wetu Eliya, ninayekaa kwake hapa, alitaka aniandikie barua hii, nikakataa. Herufi zangu ni za kombokombo lakini ni zangu.

Unajua kuku minye sikuwa naiita mifugo. Ilikuwa kazi yako. Lakini hapa karibu na bandari ng'ombe haina nafasi, na muntu kama minye hawezi kuketi tu anatazama mashua zinashusha mizigo. Nikaanza kuku, na nikaanza kwa nguvu kama nilivyoanza kila kitu. Pumba ya mahindi, ndagala zilizovunjika wanazofagia pale samaki wanaposhushwa, mabaki ya bugali, vyote nikamwaga. Wapita njia walikuwa wanasimama kwa lupango, mbele ya uzio, wanauliza, "Mzee, hii ni restora ya kuku?" Nawajibu, "Kwetu Mulenge hatufugi kitu cha kukonda."

Na mavi yake sikuruhusu ifagiliwe. Weye unaelewa. Kwetu zizi lenye samadi nene ndilo zizi la muntu mwenye heshima. Mukamwana wetu Neema, bibi ya Eliya, akikaribia na ufagio, ninakohoa. Anarudi.

Sasa kuku zikaanza kunihangaisha. Zinakula, hazinenepi. Kile kinyama chekundu cha juu ya kichwa kikapauka kama midomo ya muntu aliyetoka mu malaria. Mabawa yananing'inia. Mayai yakapungua, na yale yanayokuja, ganda lake laini, ukilishika kidole kinaingia. Nikasema ni chakula kidogo. Nikaongeza. Nikatia na chumvi ya ng'ombe, mpaka Eliya akapiga kelele kwamba nitaziua. Nikaacha chumvi, nikaongeza ndagala.

Neema hawezi kumukaripia baba mukwe uso kwa uso, hata jina langu halitamki. Huyu mutoto wa huku chini ameishika desturi yetu ya mulimani vizuri, vizuri kupita kiasi. Anaongea na kuku. Minye niko nimeketi palepale, yeye anamwaga pumba na kusema kwa sauti: "Weye kuku, unakula kama mukubwa wa ofisi, nyama iko wapi? Mule ndani unamulia nani?"

Kuku haikujibu. Nikajibu kwa niaba yake: "Kuku haipendi maswali ikiwa inakula."

Akageukia ingine: "Na weye mama, umuambie mwenye zizi kwamba hata pua zina mwisho."

Ndipo akafika baba yake Neema, mulimaji wa Luvungi, kutusalimia. Nikasema leo ndiyo leo. Nikachagua koo yenye manyoya mengi kupita zote, nikaamuru ichinjwe. Nikamuambia mukwe ajitayarishe, firigisi ataipokea kutoka mukono wangu mwenyewe.

Neema alikuwa anaisafisha nyuma ya nyumba. Halafu akaita, "Baba, njoo uone," akimuita baba yake, siyo minye, lakini nikaenda vilevile. Alikuwa amepasua utumbo. Minyoo, Mama Naomi! Nyeupe, mirefu kama kidole, imeziba njia yote kama makaroni mu sufuria. Na kifua kilikuwa mufupa na ngozi. Manyoya ndiyo yalinidanganya.

Mukwe akainama akagusa mufupa wa kifua. "Ulisema unafuga kuku."

"Ni kuku."

"Hapana, mukwe. Unafuga minyoo. Kuku ni nyumba umeijengea."

Wanawake wa jirani wakacheka mpaka lupango likatikisika. Siku ile tulikula bugali na ndagala, na juu ya firigisi hakuna aliyeuliza. Wacha wacheke. Minye roho yangu iliisha kupanda mulima, kwa sababu jogoo niliyekutumia alitoka mu kibanda kile kile.

Eliya akaleta veterineri, munganga wa mifugo. Ni kijana, lakini nilibishana naye kama mukubwa. Nikamuuliza chakula changu chote kilienda wapi. Akasema: "Mzee, minyoo inakula kwanza, kuku haijapata kitu. Halafu inaumiza ngozi ya ndani ya utumbo, pale ambapo chakula kinaingia mu damu. Kinachobaki kinapita tu. Kuku inashinda inakula, na mwili wake uko na njaa. Basi mwili unakula akiba yake, mafuta kwanza, halafu nyama ya kifua. Ganda la yai litajengwa na nini?"

"Ng'ombe ikikonda tunaiongezea majani," nikasema.

"Hizi ukiziongezea, unanenepesha minyoo." Akachokora samadi kwa kiatu. "Na mayai ya minyoo iko humu. Kuku inadonoa, inameza, inaanza upya."

Kesho yake asubuhi Neema alikuja na ufagio. Sikukohoa.

Tangu hapo siketi. Naenda bandarini kuuliza nani anapanda kwetu, narudi, naandika mustari, nasimama tena. Kuku zako ulizilea miaka yote bila kelele na bila makaroni, na yai la Furaha linatoka kwao. Kama jogoo wangu anachafua pale zinapodonoa, minye ndiye niliyeingiza njaa mu nyumba yako na kuiita zawadi.

Mwenye kuleta barua amebeba dawa. Utie mu maji ya kunywa, kuku zote, hata zile zinazoonekana nzima, na baada ya majuma mawili urudie. Fagia kibanda, mavi upeleke mbali shambani, umwage majivu. Vifaranga vikae mbali na wakubwa. Mayai ya siku za dawa usimupe Furaha. Hapa zangu zimeanza kupata rangi kichwani, ganda bado ni laini. Kama zako zimeisha kupauka, usiniandikie kwa upole. Niandikie hivyo hivyo, nami nitapanda, jicho lipone lisipone.

Umusalimie mudogo wangu anayechunga ng'ombe, asizishushe bado. Umusalimie pasta wetu, na yule mujane jirani anayekuchotea maji. Furaha umushike kichwa kwa ajili yangu.

Kama unaona naongeza chumvi, Neema alipasua utumbo kwa kisu chake, baba yake wa Luvungi aliona, atacheka kwanza halafu atakueleza, na veterineri alisema mbele ya Eliya. Hao wote ni mashahidi wangu. Lakini utawauliza baadaye. Weka barua chini, ukamukamate jogoo.

Ni minye bwana yako,
Baba Naomi