Niliyoyasema Bwawani Kebirigo

Firdaus, uko? Ndio nimefika nyumbani, nimelowa chapachapa. Usicheke kwanza.

Unajua lile bwawa la Kebirigo lilifungwa tangu korona? Leo wamerudisha mashua. Nyangau, yule wa kwaya yetu, akaniambia twende tukapige makasia. Nyangau mwenyewe!

Mwenye mashua akasema tuvae barakoa na tukae mbalimbali, mmoja huku, mwingine kule. Tukiwa majini nikasimama nipige selfi. Mashua ikayumba, nikatumbukia pwaa!

Dada, nilijua nimekwisha. Nikapiga nduru: "Nyangau, nakufa! Na nimekupenda miaka miwili!"

Nilisema hivyo. Kwa sauti. Watu wote ukingoni wakasikia, hata mama pasta.

Nyangau akaniangalia tu, akasema polepole, "Bitutu, simama."

Nikasimama. Maji yalinifika magotini. MAGOTINI, Firdaus!

Nikatoka mbio, viatu mkononi. Akanifuata, akanifunika koti lake. Akasema, "Nenda ubadilishe nguo. Jioni nitakuja kwenu, uniambie tena hayo maneno bila kuzama."

Sasa nivae nini?